Soketi ya Mwanza Inayojidhani Iko Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: sakiti za umeme zinazogoma ndani ya Revit, programu ya kuchora majengo. Nimechagua nne. Mimi nilianza na koleo na bisibisi kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, kwa hiyo mtanivumilia nikirudi ukutani mara kwa mara. Kila mstari tunaouchora kuna fundi atakayeufuata akiwa juu ya ngazi, na kuna mtu atakayelala katika nyumba hiyo.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, niko Mwanza. Nachora umeme wa zahanati ya vyumba kumi na viwili: soketi 34, taa 41, DB (sanduku la kugawia umeme) mbili. Nikichagua soketi na kubonyeza "Power", sakiti inatengenezwa, lakini orodha ya DB ni tupu kabisa. Nimefuta na kuanza upya mara tatu. Rafiki yangu kaniambia niigeuze DB iwe ya volti 120, na kweli ikakubali, ila moyo wangu umekataa. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usikilize moyo wako. Chukua hita ya maji ya wati 3,000, kama ile itakayofungwa chumba cha kujifungulia. Kwa volti 230 inavuta ampia 13. Kwa volti 120 za rafiki yako, programu itakuandikia ampia 25. Hita ni ileile, maji ni yaleyale, lakini breka imekuwa kubwa, waya umenenepa, na jedwali la DB limeanza kudanganya kuanzia mstari wa kwanza. Rudisha DB ilivyokuwa, ndipo tuendelee.

Revit haikuonyeshi DB zote zilizomo jengoni. Inakuonyesha zile tu zinazopatana na kifaa ulichokishika, kama mshenga asiyekupeleka kwenye nyumba anayojua posa itakataliwa. Kabla ya kukupeleka anauliza mambo mawili: volti ngapi, na poli ngapi, yaani nyaya ngapi zenye moto. Jibu moja likipishana, orodha inabaki tupu na hupewi sababu. Hapo ndipo vijana wanapokesha wakifuta na kuweka upya soketi wakati tatizo liko kwingine kabisa.

Nadhani ulianza na kiolezo (faili la kuanzia mradi) cha Marekani. Mle ndani mifumo iliyokwisha kuandaliwa ni ya 120/208 na 277/480, kwa sababu huo ndio umeme wao. Sisi Tanzania tunatumia 230 kati ya fezi, waya wenye moto, na nyutro, waya wa kurudisha umeme, na 400 kati ya fezi na fezi. Jirani zetu wa Kenya huandika 240 na 415. Soketi zako zimewekwa Mwanza, lakini kila moja moyoni mwake bado inajidhani iko Marekani.

Bonyeza herufi E kisha S, mipangilio ya umeme itafunguka. Kwenye orodha ya volti ongeza mbili. Ya kwanza 230, kikomo cha chini 220 na cha juu 250. Ya pili 400, chini 380 na juu 440. Usiviruke vikomo hivyo. Ndivyo vinavyomruhusu kiyoyozi alichokiandika mtengenezaji kuwa cha volti 240 kukaa kwenye mfumo wako wa 230 bila ugomvi. Kisha nenda kwenye orodha ya mifumo ya usambazaji, uunde wa kwako: fezi tatu, umbo la nyota, nyaya nne, 400 kwa fezi na fezi, 230 kwa fezi na ardhi. Ndiyo, hapo programu husema ardhi mahali ambapo sisi tungesema nyutro, usibabaike. Kama ile DB ndogo ni ya fezi moja, iundie mfumo wake wenye nyaya mbili na volti 230, ukiiacha tupu nafasi ya fezi na fezi.

Ukitoka hapo igeukie DB. Ichague, halafu utazame palipoandikwa "Distribution System". Ikiwa mfumo uliouunda sasa hivi haumo, basi DB yenyewe bado ina volti 208 ndani ya aina yake. Ibadilishe iwe 400 na poli tatu, na mfumo utajitokeza. Wengi husahau kwamba DB nayo ni kifaa kinacholishwa, nayo ina maoni yake kuhusu volti.

Sasa soketi yenyewe, na hapa nataka uwe makini kuliko mahali pote. Utafungua sifa za soketi, utaona volti 120, utaandika 230, utafurahi. Bado orodha itakuwa tupu. Kwa nini? Kwa sababu namba uliyoibadilisha iko juu ya familia (ndivyo Revit inavyoliita faili la kifaa), na kinachoongea na DB ni kiunganishi kilicho ndani yake. Aliyetengeneza familia ile asipovihusisha viwili hivi, kiunganishi kinabaki na 120 yake hata uandike nini huku nje. Niliwahi kupokea faili la hoteli lenye soketi zaidi ya mia mbili za namna hii, zimepakuliwa bure mtandaoni, zote zikionyesha 230 usoni na 120 ndani. Ifungue familia, gusa kiunganishi, kisha pembeni ya volti bonyeza kile kitufe kidogo cha kukihusisha na kigezo cha familia, ile nafasi ya kuandikia namba. Fanya hivyo pia kwa idadi ya poli na kwa mzigo. Ipakie upya kwenye mradi, na soketi zote 34 zitapona kwa mpigo mmoja.

Nimetaja poli makusudi, maana hita yako itakusumbua hata baada ya haya yote. Tumezoea kwamba hita ya maji inafungiwa swichi ya poli mbili, ile ya ampia 20 yenye taa nyekundu, inayokata fezi na nyutro pamoja. Mwanafunzi akiliona neno hilo huandika poli mbili kwenye kiunganishi. Lakini Revit ikihesabu poli inahesabu fezi tu, nyutro haimo. Ukiiambia poli mbili, itatafuta volti 230 kati ya fezi na fezi, na kwako kati ya fezi na fezi kuna 400. Posa imekataliwa tena. Viyoyozi vilivyochorwa kwa ajili ya Marekani vina ugonjwa huohuo, kwa kuwa kule volti 240 za nyumbani hupatikana kwa kushika nyaya mbili zenye moto, kila mmoja ukiwa na 120. Kwetu vifaa hivi ni poli moja. Swichi yako ya poli mbili ichore ukutani kama kawaida. Hiyo ni kazi ya alama, haigusi kiunganishi.

Ukimaliza, bonyeza F9. Dirisha litafunguka na kukupangia vifaa vyote kwa mifumo yake, na vile visivyo na mwenyewe vitakuwa kwenye kundi lao peke yao. Kisha E na C, ukaguzi wa sakiti. Kundi la wasio na mwenyewe likiwa tupu, zahanati yako imekamilika upande huo.

Asalaam aleikum dada. Mie ni fundi umeme Mombasa, miaka kumi na minane kazini, na sasa mwanangu anifunza Revit. Mambo mawili yanitatiza. Nimefuta nyaya zote za ghorofa ya kwanza ili nianze upya, lakini sakiti zingali kwenye jedwali la DB. La pili, lebo ya waya yaniandikia 1-#12, 1-#12, 1-#12, nasi twatumia waya wa milimita za mraba 2.5. Soketi zangu ni za ringi, breka ampia 32. Nikiandika 32, programu yataka waya mkubwa zaidi. Nani aliyekosea, mie au mashini?

Waaleikum salaam kaka. Barua yako imenifurahisha, maana mkono uliovuta waya miaka kumi na minane unauliza maswali ambayo wachoraji wengi hawayaoni.

Nyaya kwanza. Unapopanga kazi kwenye nyumba mpya, unapita na chaki ukichora ukutani mabomba yatakapopita. Mtu akija na kitambaa akaifuta chaki yako, je, mteja amefuta oda ya soketi? Hajafuta. Waya wa Revit ndiyo chaki hiyo. Ni mchoro wa karatasi moja tu, haupo kwenye jengo lenyewe. Sakiti ni makubaliano kati ya vifaa na DB, nayo hubaki hata usipochora mstari mmoja. Ukitaka kuivunja, ichague sakiti yenyewe kwenye dirisha la F9 uifute pale, au uwatoe wanachama wake mmoja mmoja. Na bomba unalolichora kwa umbo kamili, lile linaloonekana hata ukiligeuza jengo, nalo halijui lolote kuhusu sakiti inayopita ndani yake. Vitu vitatu: makubaliano, chaki, bomba. Kimoja hakimtii mwenzake.

Sasa #12. Hizo ni namba za waya za Kimarekani, na tatu zilizoandikwa ni fezi, nyutro na ethi. Namba 12 ina eneo la milimita za mraba 3.31, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba ni 2.5 kwa jina jingine. Programu iliichagua kwa sababu sakiti mpya huzaliwa na breka ya ampia 20, kisha inakwenda kwenye meza ya nyaya ndani ya mipangilio na kuuchukua waya wa kwanza unaotosha. Meza hiyo unaweza kuiandika upya, na nakusihi uiandike: 1.5, 2.5, 4, 6, 10, 16 na kuendelea, kila mmoja na ampia zake kutoka kwenye kanuni unazozifuata kazini. Tahadhari moja. Waya wa 2.5 hauna ampia moja ya milele. Katika majedwali ya Uingereza, kebo ileile ya 2.5 inabeba ampia 27 ikipigiliwa wazi ukutani, na 20 ikiwa kwenye bomba ndani ya ukuta wenye kihami joto. Chagua safu inayofanana na kazi yako halisi kabla ya kuandika.

Tufike kwenye ringi. Ringi unayoijua, ile ya soketi za pini tatu za mraba, inatoka kwenye breka ya 32, inapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Umeme unafika kwa njia mbili, ndiyo maana kanuni za Uingereza zinaruhusu 2.5 chini ya breka ya 32, kwa sharti kwamba waya huo, kwa jinsi ulivyolazwa, uweze kubeba angalau ampia 20. Revit haifahamu kurudi. Kwake umeme unakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo ukiipa 32 inatafuta waya mmoja utakaobeba 32 peke yake, na inakupa 4 au 6. Kwa hiyo kaka, hujakosea, na mashini imejibu sawasawa swali ambalo siyo lako.

Kishawishi kitakachokujia ni kuishusha breka iwe 20 ili lebo iseme 2.5. Nakuomba usifanye hivyo. Anayenunua vifaa hataisoma lebo ya waya, atasoma jedwali la DB, na atanunua breka za 20. Mwezi wa kwanza wa wapangaji, birika na pasi vikikutana, breka inaruka, na utaitwa wewe. Iache 32 isimame. Kwenye sakiti ongeza kigezo chako mwenyewe, mimi huwa nakiita "Waya halisi", andika humo "2.5 ringi", na ukiweke kama safu kwenye kiolezo cha jedwali la DB. Lebo za waya kwenye sakiti hizo uziondoe, zisije zikasema 6 mahali ambapo jedwali linasema 2.5. Halafu bonyeza E na W, uchore kwa mkono waya kutoka soketi ya mwisho kurudi DB, ili karatasi ionyeshe mishale miwili ya kwenda nyumbani, yaani kwenye DB. Fundi mwenzako akiona mishale miwili atajua.

Umesema ni mwanao anayekufundisha. Mwambie naye aje saiti siku ya kuvuta ringi, ashike ncha zote mbili kwa mikono yake.

Dada, hujambo? Niko Nairobi, ofisi ya wahandisi. Msanifu ametuletea faili lake lenye taa tayari dari yote, nasi tumelishikiza kwenye letu. Taa naziona, lakini nikizigusa hakuna kitufe cha sakiti. Muda umebana.

Sijambo ndugu yangu. Taa hizo si zako, ndiyo maana. Kilicho ndani ya faili la mwenzako unaweza kukitazama na kupimia, lakini hakiwezi kujiunga na sakiti ya faili lako. Tumia zana ya kunakili na kufuatilia: inakuletea nakala za taa kwenye faili lako, zako kabisa, na msanifu akisogeza ya kwake utapewa taarifa. Kabla ya kunakili, hakikisha familia utakazozitumia ni zenye kiunganishi cha umeme. Wasanifu wengi huweka taa zenye umbo zuri zisizo na kiunganishi chochote, na hizo hata ukizileta kwako hazitakubali sakiti. Kwenye zana hiyohiyo unaweza kuchagua kwamba taa ya msanifu ya aina fulani igeuke kuwa familia yako. Fanya hivyo, kisha zima mwonekano wa taa zake ili usizihesabu mara mbili.

Shikamoo. Nachora nyumba ya ghorofa moja Dodoma. Taa ya ngazi ina swichi mbili, chini na juu. Nikiweka ya chini kwenye mfumo wa swichi inakubali, nikiiweka ya juu, ya chini inatoka. Nimekwama hapa tangu Jumatatu.

Marahaba. Utakwama hadi Jumatatu nyingine usipojua hili: mfumo wa swichi katika Revit, yaani kundi linaloifunga taa na swichi yake, unapokea swichi moja tu. Hakuna mpangilio wa kuubadilisha. Ukileta ya pili, ya kwanza inampisha. Tena mfumo huo uko mbali na sakiti ya nguvu, kwa hiyo taa inaweza kuwa kwenye DB salama salimini na isiwe na swichi, na jedwali lisikwambie chochote.

Jambo hili dogo linaniuma, na nitakueleza sababu. Miaka ya nyuma nilikwenda kukagua nyumba iliyokwisha kupigwa rangi. Mchoraji alikutana na tatizo lako hilihili, akaona aiache swichi ya chini tu, akidhani fundi atajiongeza. Fundi hakujiongeza. Alifuata karatasi, na karatasi ilikuwa na swichi moja. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa magoti mabovu, alikuwa kila usiku akizima taa chini na kupanda ngazi gizani akipapasa ukuta. Kurekebisha kulimaanisha kuubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi, kutoka chini hadi juu.

Kwa hiyo fanya hivi. Swichi ya chini iingize kwenye mfumo pamoja na taa, na uipe utambulisho, tuseme N1. Swichi ya juu ibaki nje ya mfumo, lakini uandike N1 ileile kwenye kigezo chake, ili lebo zote mbili zisomeke sawa na ile ya taa. Hakikisha pia zote mbili umetumia familia ya swichi ya njia mbili, yenye alama yake, siyo ya kawaida. Kisha chora kwa mkono waya kati ya swichi hizo, na kwenye sifa za waya huo uongeze idadi ya nyaya ili vile vistari vya kukatiza vionyeshe nyaya tatu zinazopanda, mbali na ethi. Sakafu mbili ni karatasi mbili, na waya wa Revit hautoki kwenye karatasi yake, kwa hiyo weka mshale na maneno mafupi kwenye kila moja: "kwenda N1 juu", "kutoka N1 chini".

Ukishachapa, mpe karatasi hizo fundi ambaye hajawahi kuiona nyumba hiyo. Usimweleze chochote. Muulize tu taa ya ngazi inawashwa wapi na inazimwa wapi. Akikunyooshea kidole sehemu mbili, peleka michoro saiti.